Mume anataka mgebuka, mama mkwe hataki nikonde: nipungue kwa ajili ya nani?

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Mwanga hapa Kigoma. Kazi yangu ni dagaa. Alfajiri nashuka Kibirizi boti zikirudi, nanunua, naanika, na mzigo ukitosha nafunga viroba nawatumia wateja wangu wa Tabora na Dar es Salaam. Nakuandikia kwa sababu kichwa kimechoka, na kinachonichosha ni mwili wangu.

Nina kilo 94 kwa urefu wa sentimita 160. Sikuwa hivi. Naolewa nilikuwa na kilo 58. Kila mtoto aliniachia zake, nikaona ni kawaida ya uzazi, na sindano ya miezi mitatu nayo wanasema inaongeza. Kilichonimaliza ni mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu hakuna dagaa. Nikaanza kukaanga maandazi na vitumbua pale barazani. Yasiyonunuliwa tunakula sisi jioni, na mlaji mkubwa ni mimi, maana watoto wameshayachoka. Ziwa likafunguliwa, dagaa nikarudia, lakini maandazi sikuyaacha kwa sababu yananipa hela ya mboga.

Sasa mdogo wangu anaolewa. Sendofu ni wiki tisa kuanzia leo. Sisi dada zake tumechaguliwa kitenge cha kijani. Siku ya kupimwa, fundi alinizungushia tepu kiunoni, akasita, akaizungusha tena, halafu akamwambia kijana wake kwa sauti, "Andika 43." Wenzangu walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja akasema, "Huyu doti moja haimtoshi." Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nikafunga mlango wa jikoni kwa komeo, nikalia.

Mume wangu ndiye ananiumiza zaidi. Siku ya Idi walikuja ndugu zake, tuko kwenye mkeka tunakula, akasema, "Huyu nilimuoa mgebuka, sasa nimebaki na sangala." Mgebuka ni samaki mwembamba, sangala ni mnene. Watu walicheka mpaka wali ukawatoka mdomoni. Usiku ananigeuzia mgongo. Mama yake naye anavuta upande wa pili. Ananiambia mke mwenye mwili ni heshima ya mume, nikikonda watu watasema mwanawe hanilishi, au watasema nina ngoma. Akija kwetu ananiongezea ugali kwenye sahani yangu kwa mkono wake mwenyewe.

Nimejaribu, Shangazi. Nilinunua chai ya kusafisha tumbo kwa mtu anayetangaza kwenye simu. Wiki mbili nilishinda chooni, zikatoka kilo nne. Wiki ya tatu zikarudi zote. Nikaja nikawa nashinda na njaa mpaka jioni. Siku moja nikiwa Kibirizi nikaona giza, nikakalishwa juu ya nyavu, wakanipepea kwa kanga. Sasa rafiki yangu ananiambia kuna vidonge. Ninachotaka ni kilo 20 zitoke kabla ya sendofu.

Swali langu ni hili. Kila nikianza, siku mume akiniudhi naacha, nasema basi abaki na sangala wake. Nikimsikiliza mama mkwe naacha. Sendofu nayo itapita. Sasa mimi nipungue kwa ajili ya nani?

Na jambo jingine, silo swali, nakuambia tu. Mwezi uliopita nilipanda boti kwenda Mwamgongo kumwona mama. Nyumba yake iko juu, unashuka ufukweni unapanda mlima. Zamani naupanda na mzigo kichwani huku nikiimba. Safari hii nilipumzika mara tatu, mara ya tatu nikakaa kabisa kwenye jiwe. Mama alikuwa mlangoni na fimbo yake. Ana kisukari, mwaka juzi alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Aliniangalia muda mrefu, hata salamu hakuipokea, akaniuliza, "Na wewe unaamka usiku kukojoa?" Sikumjibu. Ni kweli naamka kama mara tatu, lakini ni kwa sababu nakunywa maji mengi jioni, si unajua joto la huku kwetu.

Mama wa Dagaa, Mwanga, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho. Pale uliposema "silo swali" ndipo lilipo swali lenyewe. Mama yako ameliona kabla yangu, tena bila kusoma barua.

Kwa hiyo kabla ya kitenge, kabla ya mume, kabla ya lolote, nina ombi moja. Wiki hii, si wiki ijayo, nenda ukapime sukari. Mwanga una vituo vya afya, na hospitali ya mkoa ya Maweni haiko mbali nawe. Nenda asubuhi hujaonja kitu tangu usiku, hata chai, maji matupu tu. Waambie pia wakupime presha, na uwaambie wazi kwamba mama yako ana kisukari na wewe unaamka usiku. Kisukari cha ukubwani huenda na ukoo, na uzito ukiongezeka juu yake mlango unazidi kuwa wazi. Mashine ikisoma 7.0 au zaidi ukiwa hujala, hicho ni kisukari, na watarudia kipimo kuhakikisha. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, sukari iko njiani, bado haijafika. Ikiwa chini ya hapo tutamshukuru Mungu na tutaendelea na mazungumzo yetu kwa utulivu.

Unasema unakojoa kwa sababu unakunywa maji. Inaweza kuwa kweli, mimi siko hapo na sikupimi kwa barua. Lakini nilikuwa muuguzi miaka mingi, na wagonjwa wengi walioingia wodini waliniambia maneno hayo hayo. Sukari inapozidi kwenye damu, figo huitoa kwa njia ya mkojo, na sukari haitoki peke yake, inaburuta maji. Mwili unakauka, kiu inapanda, unakunywa. Kwa hiyo mtu anadhani anakojoa kwa kuwa amekunywa, kumbe anakunywa kwa kuwa amekojoa. Ndiyo maana mama yako hakukuuliza habari za watoto kwanza. Yeye alipita njia hiyo, na vidole vyake viwili vilibaki njiani.

Sasa turudi kwenye swali lako: kwa ajili ya nani.

Ukiniandikia orodha ya sababu zako kwa mpangilio uliozitaja, ya kwanza ni sendofu, ya pili fundi na wale waliocheka, ya tatu mume, na kinyume chao wote yuko mama mkwe. Sababu zote hizo ni za kuazima. Si mbaya. Mtu anaweza kuazima hata moto wa kuwashia jiko. Shida ya kitu cha kuazima ni kwamba mwenyewe anaweza kukifuata saa yoyote. Mume akikuudhi, sababu imeondoka naye. Sendofu ikipita Jumamosi, Jumapili asubuhi hakuna tena kinachokuzuia mbele ya karai la maandazi. Umeliona hilo mwenyewe bila mtu kukufundisha, na ndiyo maana umeniandikia. Usijiite mvivu. Mvivu hashuki Kibirizi saa kumi na moja alfajiri.

Hili si wazo langu tu. Marekani kuna daftari la watu waliopungua na hawakurudi walikotoka. Lilianzishwa mwaka 1994 na watafiti wawili, Rena Wing na James Hill. Kuingia humo sharti uwe umepunguza si chini ya kilo 13.6 na ukakaa hivyo mwaka mzima. Watu maelfu wameandikishwa. Walipoulizwa kilichowaamsha mpaka wakaanza, walitaja mengi: mmoja aliona picha yake, mwingine alifikia uzito ambao hajawahi kuufikia. Lakini waliosema waliamshwa na jambo la afya ndio waliopungua zaidi, na ndio waliorudisha kilo chache kuliko wenzao kadiri miaka ilivyokwenda. Woga wa kuchekwa huisha wachekaji wakiondoka. Kilichokupata kwenye mlima wa Mwamgongo kitakuwa kinakusubiri pale pale kila ukishuka botini.

Hiyo ndiyo sababu yako, mwanangu. Hukuiazima kwa mtu. Uliikalia kwenye jiwe.

Naomba nikae kidogo kwa mume, kwa sababu pale kuna jeraha na nisilipite kama sikuliona. Alichofanya siku ya Idi ni kibaya. Mke hafananishwi na samaki mbele ya shemeji zake, hata kama nyumba nzima ni ya wavuvi. Mgebuka na sangala wote wanatoka ziwa moja, lakini kila aliyekuwa kwenye mkeka ule alielewa nani anasifiwa na nani anatukanwa, na wewe ulielewa zaidi yao. Usimeze tena kwa kicheko. Lakini usimjibu kwa kuacha kujitunza, kwani ukisema "basi abaki na sangala wake," anayebaki na sukari si yeye.

Chagua jioni moja mkiwa wawili, watoto wamelala, hakuna simu wala ndugu. Usianze na kilo. Anza na mama yako. Mwambie, "Baba fulani, mama yangu amekatwa vidole. Nilishindwa kupanda kwake. Nimekwenda kupima, majibu ni haya. Naogopa. Na lile neno la siku ya Idi liliniuma, silitaki tena mbele ya watu." Halafu mwombe kitu kimoja cha mikono, kisiwe cha maneno: mathalani asubuhi yeye awaandalie watoto kwenda shule, ili wewe ukitoka Kibirizi urudi kwa miguu bila kukimbizana na kengele. Wanaume wengi wakipewa hofu ya kweli na kazi ya kufanya hubadilika haraka kuliko wakipewa lawama. Asipobadilika, utakuwa umejua, na utaendelea kupanda mlima wako bila kumsubiri. Kuhusu mgongo anaokugeuzia usiku, usijiaminishe kwamba chanzo ni kiuno chako. Watu hugeuziana migongo kwa mambo mengi: madeni, uchovu, aibu ya neno alilosema na hawezi kulirudisha. Muulize.

Mama mkwe sitaki umwone adui. Maneno yake yana historia, na vijana mnaisahau. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na dawa za ARV zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Hesabu miaka iliyopita hapo katikati. Mimi nilikuwa wodini miaka hiyo. Tulikuwa tunambeba mtu mzima kama mtoto, unamwinua kitandani kubadilisha shuka na mkono mmoja unatosha. Mtaani mtu akianza kulegea suruali, watu walianza kuhesabu. Kizazi kilichoona hayo, kikimwona mkwe wake ana mwili, kinapumua. Kwake yeye lile tonge la ugali analokuongezea ni dua. Ndiyo maana ukigombana naye juu ya sahani utashindwa.

Usigombane. Mwambie ukweli mdogo anaouelewa: "Mama, nimepimwa, daktari amesema nipunguze mafuta na sukari nisije nikakatwa vidole vya mguu kama mama yangu." Hakuna mama mkwe wa Kigoma atakayebishana na mguu wa mtu. Na watakaosema una ngoma, waseme. Kipimo cha virusi nacho kinapatikana hapo hapo utakapopima sukari, kipime uwe na amani na wewe mwenyewe, basi. Huna deni la kuwaeleza majirani.

Sasa sendofu. Kilo 20 kwa wiki tisa sahau kabisa, na usilie, nitakueleza kwa nini. Mwili unaopungua kwa usalama hutoa nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki. Ukijitahidi sana, siku ya sendofu utakuwa umetoa kama nne, pengine saba. Fundi atakuwa ameshakata kitambaa. Mrudie, mwambie akushonee mwili ulio nao leo na aache akiba kwenye mishono ya ubavuni, ili baadaye akibane bila kukiharibu. Fundi mzuri anajua kufanya hivyo. Na nguo iliyokukaa vizuri ukiwa na kilo 90 inapendeza kuliko iliyokubana ukiwa umejinyima mpaka macho yameingia ndani. Mdogo wako anakuhitaji umshike mkono siku ile, si uanguke ukumbini kama ulivyoanguka Kibirizi.

Ile namba 43 iliyotangazwa kwa sauti, najua ilikuumiza, lakini ichukue ikufae. Mwanamke ambaye kiuno chake kimepita inchi 35, yaani sentimita 88, mafuta yamejikusanya ndani karibu na ini na kongosho, mahali pabaya kuliko mapajani au makalioni. Nunua tepu yako mwenyewe, kitu cha bei ndogo dukani kwa vifaa vya ushonaji. Jipime kila mwezi asubuhi, mlango umefungwa, kwa utulivu wako. Kuna wiki mizani haitasogea na tepu itasogea. Mimi naiamini tepu.

Na lengo lako liwe kilo sita na nusu. Ndiyo, hizo tu kwa kuanzia. Nimezitoa hivi: mwaka 2002 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa njiani. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Katika kundi hilo kisukari kilipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Asilimia 7 ya kilo 94 ni kilo 6.6. Hutakuwa mgebuka kwa kilo hizo, na fundi bado ataandika namba kubwa, lakini mguu wako utakuwa umeulinda. Ukizifikia ukakaa nazo miezi michache, tutapanga nyingine.

Kuhusu ile chai sitasema mengi. Mara nyingi ndani yake kuna majani ya kuharisha. Zilizotoka zilikuwa kilo za maji na kinyesi, mafuta hayakuguswa, ndiyo maana zimerudi wiki moja. Tena kuharisha kwa muda mrefu kunatoa mwilini chumvichumvi ambazo moyo unazitegemea ili upige sawasawa. Vidonge vya rafiki yako usivinunue. Ukihitaji dawa, ataiandika daktari aliyeona majibu yako.

Chakula chetu cha Kigoma sitakiacha kitukanwe. Dagaa wa ziwa, maharage, mchicha, kisamvu, papai, hakuna chakula cha kupunguzia mwili kinachoshinda hivyo, na wewe dagaa uko nao mlangoni. Kinachotuangusha ni mkono wetu juu ya mawese. Sina ugomvi na mawese. Yale mekundu yana vitamini A ya kutosha, na sombe, yaani kisamvu chetu, bila mawese wala siili. Lakini nimeshika chupa mara nyingi mbele ya sufuria na najua yanavyomiminwa: unainamisha, unasikiliza, unaona rangi imekolea, unaongeza kidogo kwa ajili ya wageni. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, mafuta ya aina yoyote, mawese au alizeti. Mimino ule wa kusikiliza unaweza kuwa vijiko nane. Leo jioni fanya hivi: mimina kama kawaida yako, lakini kwanza ndani ya kikombe, halafu uchote kwa kijiko uhesabu. Usibadilishe kitu siku hiyo, hesabu tu. Kesho yake weka nusu. Sombe itakuwa bado nyekundu.

Sukari ya chai nayo ihesabu. Vikombe vinne kwa siku vyenye vijiko vitatu vitatu ni vijiko 12, na Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi tusizidi kama vijiko sita vya chai kwa siku nzima, humo humo ndani ya soda na maandazi. Soda moja ya chupa peke yake inamaliza vijiko hivyo na kupitiliza. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea bila vita.

Maandazi yanakulisha, siwezi kukuambia uyaache. Ila usikande unga wa matumaini. Anza kupika kwa oda ya jana: anayetaka kumi alipie au aseme leo, kesho unapika hesabu hiyo na machache ya wapita njia. Yakibaki, yapeleke mapema kwa jirani mwenye kibanda cha chai auze kwa bei ya kugawana. Yasilale jikoni kwako, kwani saa tatu usiku, umechoka, hakuna binadamu mwenye nguvu dhidi ya andazi lililobaki. Na usishinde njaa tena. Kula asubuhi kabla ya kushuka Kibirizi, hata viazi viwili na maharage ya jana. Ugali wa muhogo usiuache, upunguze, na nafasi iliyobaki kwenye sahani ijaze mboga na dagaa. Mama mkwe akiongeza tonge, pokea, lirudishe kwa mtoto kwa adabu.

Kutembea. Unashuka Kibirizi gizani, hapo panda bodaboda kwa usalama wako. Kurudi jua limetoka: dagaa wapande bodaboda, wewe panda mlima kwa miguu. Ni mlima kweli, ndiyo maana naupenda. Dakika thelathini siku tano za wiki ni zile 150. Siku za mwezi mpevu boti zikiwa hazitoki usiku, nenda upande wowote wa mji, lakini usikae. Wiki ya kwanza pumzika unapotaka. Ukisikia kifua kinabana au maumivu yanashuka mkono, hapo si suala la uzito tena, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sindano ya uzazi wa mpango umegusia kidogo. Ni kweli baadhi ya wanawake huongezeka nayo. Usiiache kimya kimya ukaishia na mimba katikati ya haya yote. Nenda kliniki waulize njia nyingine, kitanzi cha shaba kwa mfano hakina homoni.

Sijakujibu kwa jina, na uliuliza "kwa ajili ya nani." Ukitaka jina, weka lako. Najua kwetu mwanamke akijitaja wa kwanza anaonekana amekosa adabu, tumelelewa kusema kwa ajili ya watoto, kwa ajili ya mume, kwa ajili ya mama. Watoto watafaidi, hilo halina shaka. Lakini pumzi iliyokatika kwenye lile jiwe ilikuwa yako.

Ukishapima niandikie namba kama ilivyo, hata ikiwa mbaya, hasa ikiwa mbaya. Na ukienda tena Mwamgongo, mjibu mama lile swali uliloliacha mlangoni. Halafu keti naye jua likiwa bado lipo, umvue viatu umkague miguu yote miwili, chini ya nyayo na katikati ya vidole vilivyobaki. Mwenye kisukari hukanyaga mwiba wa samaki asijue, kwa kuwa mguu umekufa ganzi na hausikii maumivu. Mwoneshe mtoto wa pale nyumbani afanye hivyo kila jioni. Mletee viatu vya kufunika vidole, vimzidi kidogo visimbane. Mpe salamu zangu.

Shangazi